Ziada ya Zinki

Mwili wa mtu mzima una gramu 2 hadi 3 hivi za zinki. Sehemu kubwa imo kwenye misuli na mifupa, na katika majimaji ya damu imo kidogo mno. Ndiyo maana Kiswahili kinahitaji istilahi mbili hapa. "Wingi wa zinki katika damu" ni jibu la kipimo; "ziada ya zinki mwilini" ni hali ya mgonjwa. "Zinki ya juu" haifai, kwani madini hayapandi ngazi. Tena kipimo chaweza kudanganya: seli nyekundu zikipasuka ndani ya sampuli, zinki yake humwagika na jibu hupanda, hali mwenye damu ni mzima.

Chakula cha kawaida ni nadra kuleta ziada. Mara nyingi chanzo ni vidonge vya virutubisho vilivyomezwa kwa miezi, au gundi ya meno bandia yenye zinki. Kinywaji kichachu kilicholazwa katika ndoo ya bati nacho huleta kichefuchefu na kutapika, kwa kuwa bati hilo ni chuma kilichopakwa zinki, na asidi huiyeyusha. Fundi wa kuchomelea anayevuta moshi wa mabati hayo hupata homa ya siku moja au mbili.

Ziada ya muda mrefu, ajabu yake, hujitokeza kama upungufu wa shaba. Zinki nyingi huzifanya seli za utumbo zitengeneze kwa wingi protini iitwayo metalothionini, ambayo hung'ang'ania shaba kuliko zinki. Seli hizo huishi siku chache, zikabanduka na kutoka na choo pamoja na shaba ziliyoibeba. Hapo damu hupungua, seli nyeupe huwa haba, miguu hufa ganzi na mwendo huyumba. Upungufu huo wa damu hautibiki kwa vidonge vya chuma. Njia hiyohiyo ya zinki kuizuia shaba ni tiba katika ugonjwa wa Wilson, ambamo shaba hurundikana kwenye ini na ubongo.

Marekani imeweka kikomo cha miligramu 40 kwa siku kwa mtu mzima. Zinki anayopewa mtoto mwenye kuhara kwa siku 10 hadi 14, kwa pendekezo la Shirika la Afya Duniani, ni tiba ya muda mfupi, haihesabiwi kuwa ziada.