Zenani Mandela: Binti Aliyesimama Mahali pa Mke wa Rais

Zenani Mandela-Dlamini, mwanadiplomasia wa Afrika Kusini, ni binti mkubwa wa Nelson Mandela na Winnie Madikizela-Mandela. Alizaliwa tarehe 4 Februari, 1959. Baba yake alipoapishwa kuwa Rais mjini Pretoria tarehe 10 Mei, 1994, Zenani ndiye aliyefuatana naye katika nafasi ambayo kwa desturi ni ya Mke wa Rais.

Nafasi hiyo si cheo cha kikatiba. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haikuanzisha ofisi ya Mke wa Rais, wala Katiba ya Afrika Kusini haikufanya hivyo. Mwananchi wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, ameizoea kupitia Mama Maria Nyerere na wengine waliomfuata, akiwamo Mama Salma Kikwete aliyeanzisha taasisi ya WAMA mwaka 2006; kwake ni heshima inayokuja na ndoa. Mandela aliingia madarakani akiwa ametengana na mkewe tangu Aprili 1992, na talaka ikatolewa Machi 1996. Shughuli za itifaki hazikuweza kusubiri, hivyo mabinti wakazibeba.

Uzito wa jambo hilo unaonekana katika miaka iliyotangulia. Mandela alikamatwa Agosti 1962, miezi michache baada ya kupita Tanganyika na kuonana na Mwalimu Julius Nyerere. Zenani alikuwa na umri wa miaka mitatu. Wakati wapiganaji wa ANC wakipewa kambi Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, kuanzia mwaka 1964, mtoto huyo alikuwa akikua bila kumwona baba yake, kwa kuwa kanuni za gereza la Kisiwa cha Robben hazikuwaruhusu watoto wa umri wake kuwatembelea wafungwa. Alipata ruhusa alipotimiza miaka 16, na hata hapo walizungumza wakitenganishwa na kioo.

Ndoa ndiyo iliyoondoa kioo hicho. Mwaka 1977 Zenani, aliyekuwa amesoma Swaziland (sasa Eswatini), aliolewa na Mwanamfalme Thumbumuzi Dlamini, mwana wa Mfalme Sobhuza II. Kwa hadhi hiyo alipata haki za kidiplomasia, na mwaka 1978 aliingia gerezani pamoja na mumewe na mtoto wao mchanga. Mandela alimkumbatia binti yake kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mdogo, akampakata mjukuu na kumpa jina la Zaziwe, lenye maana ya tumaini.

Kwa hiyo mwanamke aliyekaa kando ya Rais mwaka 1994 alikuwa amemjua baba yake kwa ziara za kuhesabika. Alifuatana naye pia katika ziara ya Kitaifa nchini Uingereza, Julai 1996. Mdogo wake, Zindzi, ambaye mwaka 1985 alisoma hadharani mjini Soweto tamko la baba yao la kukataa kuachiwa kwa masharti, naye alishika nafasi hiyo kati ya mwaka 1996 na 1998. Jukumu lilikoma tarehe 18 Julai, 1998, Mandela alipofunga ndoa na Graça Machel, mjane wa Rais Samora Machel wa Msumbiji.

Hali kama hiyo imetokea kwingineko, mara nyingine kwa msiba. Nchini Korea Kusini, Park Geun-hye aliacha masomo Ufaransa baada ya mama yake kuuawa Agosti 1974, akakaimu nafasi ya mama huyo hadi baba yake, Rais Park Chung-hee, naye alipouawa Oktoba 1979. Mwaka 2013 aliapishwa kuwa Rais.

Zenani hakuwania madaraka ya juu. Mwaka 2012 aliteuliwa kuwa Balozi wa Afrika Kusini nchini Argentina, kisha akaiwakilisha nchi yake Mauritius na, kuanzia mwaka 2019, Korea Kusini.