Wazee Waliorudi Jukwaani: Gitaa ni la Nani?



Harusi za Waswahili hapa East Side, iwe Buffalo, Columbus au Louisville, zina saa yake ya zilipendwa. Vijana wakishachoka kuruka, mpiga diski huweka wimbo wa Mlimani Park au wa Maquis, na wazee walionyamaza jioni nzima husimama. Tunapiga makofi, tunapiga picha, tunarudi kula pilau. Ni mara chache tunajiuliza waliopiga magitaa yale waliishia wapi. Toleo hili tumeona tulizungumze swali hilo, kwa kuwa jibu lake linatuhusu hata sisi tulio mbali.

Tuanze na mwaka 1993, Dar es Salaam. Mwaka huo iliundwa bendi ya ajabu kidogo, Shikamoo Jazz. Jina linajieleza lenyewe: waliokuwemo ni watu wa kuamkiwa. Walikuwa wanamuziki wa dansi wa miaka ya hamsini na sitini, na mmoja wao alikuwa Salum Zahoro, ambaye jina lake haliachani na Kiko Kids ya Tabora. Shirika la HelpAge, linaloshughulika na maisha ya wazee, liliwasaidia kupata vyombo. Halikuanza na kuwafundisha muziki wala kuwatafutia daktari. Wazee wakapewa magitaa na amplifaya, wakaanza mazoezi, wakarekodi, na kufikia mwaka 1995 walikuwa wakipiga muziki Uingereza.

Sisi tuliosomea uhandisi tuna desturi: mashine ikisimama, usikimbilie kusema imezeeka. Pima kwanza. Huenda injini ni nzima ila haina mafuta. Kisa cha Shikamoo Jazz ni kipimo cha aina hiyo. Vidole vilikuwa vizima, sauti zilikuwepo, na nyimbo zilikuwa kichwani. Kilichokosekana ni kitu cha kushika mkononi. Kwa hiyo swali la historia si kwa nini wazee hawa walirudi, ila ni kwa nini mtu aliyepiga gitaa miaka thelathini alikuwa hana gitaa.

Jibu liko katika namna bendi zetu zilivyoendeshwa. Baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa za Tanzania Bara zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili: ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndipo tukaizoea kama DDC Mlimani Park.

Mpango huu ulikuwa na neema zake, tusiukashifu. Mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi wakati wenzake wa nchi nyingine walilipwa kwa usiku. Aliweza kufanya mazoezi mchana bila kuuza mihogo. Nyimbo nyingi tunazozililia leo zilizaliwa kwa sababu kulikuwa na taasisi iliyolipa umeme na kununua nyuzi. Lakini gitaa lilikuwa la taasisi. Mpiga solo akihama bendi, aliondoka mikono mitupu. Akistaafu, aliliacha gitaa kama karani anavyoacha taipureta ofisini.

Bendi za watu binafsi nazo hazikuwa tofauti sana. Chukulia Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu kule Kongo, aliyefika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sabini na kuwa mwimbaji wa wanyonge. Dunia nzima ilimjua na Super Matimila. Je, Matimila ni nani? Si mwimbaji wala mpigaji. Ni mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Bendi ilibeba jina la mwenye magitaa, na hapo ndipo ilipo siri nzima ya biashara ile: jasho la mmoja, jina la mwingine.

Nyimbo zenyewe hazikuwa na ulinzi mkubwa. Zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa redioni miaka nenda miaka rudi, na wauza kaseti wakazinakili mitaani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, wakati wengi wa waliozitunga nyimbo hizo walikuwa wamezeeka au wamekwisha tangulia mbele ya haki. Marijani Rajab, ambaye wengi wetu tulijifunza mapenzi kwa sauti yake, alifariki mwaka 1995, baada ya miaka ya mwisho ya kujikimu kwa kuuza kaseti. Muhidin Gurumo, aliyejiunga na NUTA mwaka 1964, akawa Mlimani Park, kisha Safari Sound, kisha akarudi Msondo, alipotangaza kustaafu mwaka 2013 alieleza hadharani kuwa zaidi ya nusu karne ya muziki haikumwachia hata baiskeli. Kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, akampa gari. Mwaka uliofuata, Aprili 2014, Mzee Gurumo akafariki. Tulifurahia ile zawadi, na kijana yule alistahili sifa. Lakini taifa linalongoja kijana mmoja mwenye moyo ndipo mzee wake apande gari, halijapanga mambo yake.

Sasa tuvuke maji tuende Unguja, kwa Bi Kidude. Jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka. Umri wake haukuwa na cheti. Yeye mwenyewe aliuhesabu kwa zama za rupia, na watu wakasema amevuka mia. Sisi tungeandika hesabu hiyo na alama ya kukadiria, lakini hata ukipunguza miaka kumi bado unabaki na ajuza. Alizichukua nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani, na akazibeba kwa sauti yake nzito ya kukwaruza. Alisafiri na taarab bara, akarudi Unguja, na kwa miaka mingi ulimwengu wa majukwaa ukamsahau.

Tuseme kweli: ulimwengu ndio uliomsahau. Yeye hakuacha kazi. Alikuwa akicheza wari katika unyago, akipiga ngoma yake ya msondo aliyoifunga kiunoni na kuikalia, akitia hina maharusi na kutoa dawa za miti shamba. Ngoma ilikuwa yake. Hakuna taasisi iliyoweza kumwambia airudishe ghalani. Ndiyo maana miaka ya themanini, wanamuziki wa taarab walipomwita tena na kuanza kusafiri naye, alikuwa tayari. Mpiga solo wa bendi ya shirika alihitaji msaada ndipo ashike chombo; Bi Kidude alihitaji tiketi ya ndege tu.

Akasafiri kweli. Aliimba Ulaya, akaimba Japani na nchi za Ghuba, akarekodi na Shikamoo Jazz, akatolewa albamu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, katika umri ambao wengi wetu hatutaufikia. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, Rais Kikwete alikuwa miongoni mwa waliokwenda kumzika.

Hata hivyo ngoma kuwa yako si dawa ya kila kitu. Katika miaka yake ya mwisho kulizuka mvutano wa hadharani baina ya jamaa na watu waliosimamia maonyesho yake: nani mwenye kauli juu ya safari zake, na nani anajua fedha zinakwenda wapi. Wengine walisema bibi amechoka, apumzishwe. Wengine walisema kumnyima jukwaa ni kumnyima pumzi. Hatutaamua kesi hiyo hapa. Tunachokiona ni kwamba Bi Kidude alimiliki ngoma yake lakini hakuwa na chama chake, wala daftari lililo wazi, wala mkataba ambao angeweza kusomewa na mtu asiye na maslahi.

Na hapa ndipo mtaa wetu una la kutufundisha. Wasomaji wa Buffalo wanaijua kona ya Michigan na Broadway, hata kama wanaipita tu wakienda kazini. Pale kwenye Broadway namba 145 ndipo palipo na Klabu ya Wanamuziki Weusi, Colored Musicians Club. Mwaka 1917 wanamuziki weusi wa Buffalo, waliokuwa wamekataliwa na chama cha wanamuziki wazungu, yaani tawi namba 43, walianzisha tawi lao, namba 533. Mwaka uliofuata wakawa na klabu ya kukutana baada ya kazi. Mwaka 1934 ilihamia Broadway, na mwaka 1935 wakafanya jambo lililoonekana dogo: waliisajili klabu kama chombo kinachojitegemea, mbali na chama cha wafanyakazi.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 1969, matawi mawili yalipounganishwa. Tawi la 533 likamezwa, lakini klabu haikumezwa, kwa sababu kisheria haikuwa mali ya tawi. Ikabaki na mlango wake, piano yake na jukwaa lake. Mpiga saksafoni aliyestaafu kazi ya mchana aliendelea kuwa na mahali pa kupanda na kupiga na vijana. Wakati huohuo barabara kuu ya Kensington ilikuwa imepasuliwa katikati ya East Side, na bustani ndefu ya Humboldt Parkway aliyoichora Olmsted ikageuzwa handaki la magari. Columbus nako barabara ya 71 ilikata mitaa ya weusi upande wa mashariki, na ukumbi wa Lincoln, uliofunguliwa mwaka 1929, ukaja kufungwa hadi ulipofufuliwa mwaka 2009. Nyumba za muziki zilizokuwa na mwenyewe mmoja zilikufa moja moja. Ile ya Broadway ilibaki kwa sababu ya karatasi ya mwaka 1935.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Unguja walikuwa na hekima hiyohiyo mapema zaidi. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa mwaka 1905 kama chama chenye wanachama, na Culture Musical Club ikafuata mwaka 1958. Mapinduzi ya 1964 yaliviyumbisha vyama hivi na siasa ikaingia ndani, lakini utamaduni wa chama kuwa na nyumba, vyombo na zamu za mazoezi haukufa. Mpiga fidla mzee alikuwa na pa kwenda jioni. Tukiweka Broadway na Unguja upande mmoja, na bendi za mashirika upande wa pili, tofauti inaonekana wazi. Mshahara hukoma siku ya kustaafu, lakini uanachama hauna siku hiyo.

Tumefika kwetu. Miaka ya karibuni East Side imepokea watu wengi kutoka Kongo, Burundi na kwingineko, na miongoni mwao wamo waliokuwa wapigaji wa bendi, wa kwaya na wa ngoma. Wengi walipitia kambi za wakimbizi, na mtu anayekimbia hachukui gitaa la besi. Sasa wanafanya kazi ghalani au viwandani zamu ya usiku, au wamezeeka na wanakaa ndani wakilea wajukuu wasioelewa lugha yao vizuri. Wanafanana na wale wa Dar es Salaam ya mwaka 1992, kabla vyombo havijafika.

Basi tunapendekeza mambo manne, na tungependa yajadiliwe katika mikutano ya jumuiya zetu. Kwanza, fedha tunazokodi spika kwa kila sherehe zitengewe fungu la kununua vyombo vyetu, na viandikwe kwenye daftari kuwa ni mali ya chama, si ya mwenyekiti wala ya mfadhili. Pili, chama hicho kisajiliwe peke yake, ili jumuiya ikigawanyika, na jumuiya zetu hugawanyika, vyombo visigawanyike nayo. Tatu, mzee akipiga alipwe, hata kama ni kidogo, na makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, asomewe mbele ya shahidi. Nne, nyimbo zake zirekodiwe na jina lake liandikwe kwenye kila nakala, maana simu tunazobeba mfukoni zinatosha kwa kazi hiyo.

Gitaa la mitumba na amplifaya ndogo havifiki gharama ya sare za harusi moja. Atakayeona tumekosea hesabu atuandikie, tutachapisha hesabu yake.