Mausi imegoma? Fungua programu zako kwa kibodi tu, fanya hivi

Tukuyu. Ingia steshenari yenye kazi nyingi mjini Tukuyu siku za mwisho za kuomba mkopo wa HESLB, hutakosa foleni. Kuna mwanafunzi katoka Kiwira, mwingine katoka Masoko, na nauli ya kurudi imeshahesabiwa. Nje mvua ya Rungwe inanyesha kama kawaida yake. Halafu mausi inagoma.

Hapo ndipo njia ya mkato ya kibodi inapookoa jahazi. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, programu inafunguka. Huhitaji kununua wala kupakua kitu, kompyuta ya Windows inayo tayari. Ila iandae mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Njia ya haraka kuliko zote

Angalia programu zilizobanwa kwenye ule mstari wa chini ya skrini. Zihesabu kuanzia kushoto, bila kuhesabu Start wala kisanduku cha kutafutia. Shikilia kitufe chenye alama ya Windows, kisha bonyeza namba. Namba 1 inafungua programu ya kwanza, 2 ya pili, hivyo hivyo hadi 9. Ya 10 inafunguliwa kwa 0. Kama programu ilikuwa imeshafunguliwa, inakuja mbele.

Njia hii ipo tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kwa hiyo hata kompyuta ya zamani haina kisingizio.

Kutengeneza mkato wako mwenyewe

Tuseme unataka Ctrl + Alt + W ifungue Word:

1. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Word. Ikitokea, bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Open file location".
2. Folda ikifunguka, nakili ikoni ya Word kwa Ctrl + C. Rudi Desktop, ibandike kwa Ctrl + V.
3. Bofya kulia juu ya ikoni hiyo, chagua "Properties".
4. Bofya ndani ya sehemu iliyoandikwa "Shortcut key", ambayo mwanzoni ina neno "None".
5. Bonyeza herufi W. Windows yenyewe itaongeza Ctrl + Alt.
6. Bofya "Apply", kisha "OK". Jaribu.

Kuna programu ambazo hazina "Open file location". Hizo fungua Start, nenda kwenye orodha ya programu zote, ikokote ikoni hadi Desktop, halafu endelea na hatua ya 3.

Je, tovuti inawezekana?

Ndiyo, na kwa steshenari hii ndiyo tamu zaidi. Bofya kulia sehemu tupu ya Desktop, chagua "New", kisha "Shortcut". Bandika anwani ya tovuti, mfano ya HESLB au Ajira Portal, bofya "Next", ipe jina, malizia na "Finish". Fungua "Properties" zake uipe herufi kama ulivyofanya kwa Word. Faida nyingine ni kwamba anwani sahihi umeiweka mara moja tu, hutaiandika kwa pupa na kumpeleka mteja kwenye tovuti feki.

Mausi imeshakufa tayari?

Usiogope. Bonyeza Windows + D kwenda Desktop. Tumia mishale kufika kwenye ikoni, kisha Alt + Enter kufungua "Properties". Bonyeza Tab mpaka ufike "Shortcut key", weka herufi, endelea na Tab hadi "OK", bonyeza Enter. Na kama ulikuwa katikati ya kazi, kwanza kabisa Ctrl + S, maana kilichokuwa hakijahifadhiwa umeme ukikatika unaweza usikione tena.

Wanaotumia Ubuntu

Fungua "Settings", nenda "Keyboard", kisha "View and Customize Shortcuts", halafu "Custom Shortcuts". Weka jina, andika amri, mfano libreoffice --writer, kisha bonyeza vitufe unavyovitaka.

Mambo ya kuzingatia

- Usifute ikoni wala kuihamishia folda nyingine. Mkato unafanya kazi ikoni ikiwa Desktop au kwenye Start. Ukiiondoa, umeua mkato.
- Chunga herufi zenye kazi nyingine. Kwenye Word, Ctrl + Alt + C huweka alama ya hakimiliki. Ukiipa herufi hiyo programu nyingine, alama hiyo hutaipata tena kwa njia hiyo.
- Usizipe programu mbili herufi moja.
- Ukibonyeza na programu ikachelewa, subiri kidogo. Usibonyeze mara tano, utafungua madirisha matano.
- Mkato wa kwenye Desktop yako ni wa akaunti yako. Mwenzako akiingia kwa akaunti yake, naye atengeneze wake.

Anza na tatu tu unazotumia kila siku, mfano W ya Word, X ya Excel na H ya HESLB. Ziandike kwenye kikaratasi, zibandike pembeni ya skrini. Baada ya wiki moja vidole vyenyewe vitakuwa vimeshakariri, na siku mausi ikigoma yule wa Masoko atawahi gari la mwisho.