Pikipiki Iliyovuliwa na Pikipiki Iliyotwikwa Mzigo

Miongoni mwa maneno ambayo karne ya 20 ililetea lugha yetu, ni machache yapendezayo sikio kama neno pikipiki. Halikutoka Uingereza wala Bara Hindi. Lilitoka katika mlio wa chombo chenyewe, kama lilivyotoka neno tukutuku, jina lake la pili, ambalo vijana wa siku hizi hawalitumii sana. Waganda nao wamelikaribisha pikipiki katika lugha yao, wala hawaoni kwamba ni mgeni. Lakini mwalimu akisha kumfundisha mwanafunzi jina la chombo, kazi ndipo inapoanza, kwa maana chombo kina viungo, viungo vina kazi zake, na kazi hizo zina historia ambayo aghalabu hatuiandiki.

Jambo hili lilinijia Masese, penye gati la samaki upande wa mashariki wa mji wa Jinja, ambako mashua huondoka kwenda visiwa vya Buvuma na kurudi na sato, sangara na dagaa. Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ni dereva wa bodaboda, alikuwa na picha ya pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya 1960. Ilikuwa nyembamba kama mbwa wa kuwinda: haina madigadi, usukani wake umeinamishwa hadi chini, tangi lake refu la alumini linang'aa, na kiti ni cha mtu mmoja tu. Akaniuliza, “Mwalimu, hii kwa Kiswahili yaitwaje?” Sikuwa na jibu. Kisha akamgeukia fundi, mzee aliyekuwa akichezea kabureta chini ya mwembe, akamwomba amgeuzie pikipiki yake iwe kama ile ya pichani. Mzee akaitazama picha kwa makini, akaitazama tena, akauliza, “Sawa, mwanangu. Na abiria utampakia wapi?”

Swali hilo limebeba tofauti ya historia mbili, na yafaa tuzitazame moja baada ya nyingine.

Pikipiki ile ya pichani ni mtoto wa Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi ile ilikuwa imechoka, lakini kabla ya miaka kumi na mitano kupita vijana wake walikuwa na kazi za viwandani na mishahara ya kila juma. Motokaa ilikuwa ghali, pikipiki iliwezekana. Kando ya barabara kuu palikuwa na mikahawa iliyokesha kwa ajili ya madereva wa malori, na vijana wakaifanya kuwa baraza zao. Uliovuma kuliko yote ni Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938, ukaharibiwa na mabomu ya vita, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969, na hatimaye kufunguliwa tena mwaka 2001. (Ingawa tunasema mkahawa, kinywaji chenyewe zaidi kilikuwa chai, Mwingereza ni Mwingereza.) Vijana walishindana kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine, na fahari yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Ndipo walipobandikwa jina la wakimbiaji wa mkahawani. Yasemekana jina hilo lilikuwa la dhihaka: kwamba hawa si wakimbiaji wa kweli, mbio zao huishia penye kikombe. Wao wakaipokea dhihaka na kuigeuza cheo.

Kilichonivutia mimi ni ufundi wao. Kiwanda kiliwauzia pikipiki ya kwendea kazini, nao wakataka pikipiki ya mashindano. Pesa za kununua ya pili hawakuwa nazo, basi wakaivua ile ya kwanza. Walitoa madigadi, wakatoa kiti kirefu cha watu wawili, wakatoa kila chuma kisichosaidia mwendo, kwa kuwa uzito ni adui wa mwendo. Wakashusha usukani na kurudisha nyuma vikanyagio, ili mwendeshaji alale juu ya tangi na upepo umpite mgongoni. Kisha wakafungua injini. Palipokuwa na pistoni ya utosi bapa walitia yenye utosi uliochongoka, au walikereza kichwa cha silinda kikapungua unene, ili hewa na petroli visongwe zaidi kabla ya cheche kupiga. Njia za hewa walizisugua ndani mpaka zikawa laini kama kauri. Kabureta moja wakaifanya mbili. Kampuni ya Triumph yenyewe iliuona mwelekeo huo, na mwaka 1959 ilitoa Bonneville, yenye ukubwa wa sentimita za ujazo 650 na kabureta mbili.

Lakini upeo wa ufundi huo ulikuwa ndoa ya pikipiki mbili. Norton walikuwa na fremu bora kuliko zote za wakati wao, iliyobuniwa na ndugu wawili wa ukoo wa McCandless kutoka Belfast na kuingia mashindanoni mwaka 1950. Triumph walikuwa na injini nyepesi ya silinda mbili, ambayo asili yake ni kazi ya Edward Turner ya mwaka 1937. Ikatokea kwamba waendeshaji wa vimotokaa vya mashindano vya sentimita za ujazo 500 walizitamani injini za Norton, na kwa kuwa Norton hawakupenda kuuza injini peke yake, watu hao walinunua pikipiki nzima, wakachukua injini na kuiacha fremu. Fremu zikabaki zinatafuta injini. Vijana wakazipa za Triumph, na mtoto wa ndoa hiyo akaitwa Triton, nusu jina la baba na nusu jina la mama. Mwaka 1965 Triton ya Dave Degens ilishinda mbio za saa 24 za Barcelona. Kitu kilichozaliwa kwa mabaki kiliwashinda waliozaliwa viwandani.

Gharama yake nayo isisahaulike. Breki za pikipiki hizo zilikuwa za ngoma, zilizopimwa kwa mwendo wa kwendea kazini, na barabara zilikuwa na malori. Wengi walikufa. Sheria ya Uingereza ya kumlazimisha mwendeshaji kuvaa kofia ngumu ilikuja mwaka 1973, wakati mikahawa ile imekwisha kupoa.

Sasa turudi kwetu. Mtu asidhani kwamba mashariki ya Uganda hapakuwa na mikono ya kufanya kazi kama hiyo. Jinja ulikuwa mji wa chuma. Mwaka 1931 daraja la reli lilivuka mto Nile hapo na gari moshi likafika Kampala. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa. Mwaka 1956 shaba ya Kilembe ilianza kuletwa Jinja kuyeyushwa. Penye reli, umeme na tanuri hapakosi wakerezaji, waunganishaji wa chuma, na watu wajuao kupima upana wa unywele. Na pikipiki za Kiingereza watu walizijua, hasa BSA M20, ambayo majeshi ya Uingereza yaliitumia kwa maelfu mengi katika Vita Kuu ya Pili.

Kilichopungua hakikuwa mikono. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Katika miji kama Jinja na Mbale sehemu kubwa ya biashara ilikuwa mikononi mwao, na miongoni mwa mali zake ni maduka ya vipuri. Milango ilipofunguliwa tena na wenyeji wapya, shehena iliyobaki iliuzwa, na nyingine haikuja. Pikipiki isiyo na pistoni ya kubadilisha hugeuka upesi kuwa kiti cha kuku. Watu wakarudia baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyoleta yaliyofuata.

Kule Busia, vituo vya forodha vya Kenya na Uganda vilikuwa vimetengana, na katikati palikuwa na kipande cha ardhi ambacho msafiri hakuwa na budi kukivuka na mizigo yake. Tangu miaka ya 1960 vijana wenye baiskeli waliona riziki hapo. Waliita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, wakilirudia mara mbili: boda, boda! Katika miaka ya 1970 biashara ya magendo ilipochacha, hasa baada ya baridi kali iliyoua mibuni ya Brazili mwaka 1975 na kupandisha bei ya kahawa duniani, mpaka ule wote, kutoka ziwani hadi mlima Elgon, ulikuwa na pilikapilika usiku na mchana. Baiskeli iliyotoka dukani haikuweza kazi hiyo. Mafundi waliiongezea vyuma kwenye karia, wakashona mto wa kukalia, wakatia spoku nene. Angalia kinyume chake: kijana wa London alikuwa akivua, kijana wa Busia alikuwa akiongeza, na wote wawili walikuwa wakikisahihisha kiwanda.

Kutoka Busia neno na kazi vilienea Tororo, Mbale na Jinja. Amani ilipoanza kurudi baada ya mwaka 1986, na bidhaa kuingia tena, pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli katika miaka ya 1990, na jina likabaki lile lile ingawa mpaka haupo tena. Iliyotamalaki baadaye ni Bajaj Boxer, na hiyo yatoka India. Historia nayo ina mzaha wake.

Hapo ndipo ninapomrudia mzee wa Masese, kwa sababu nilikaa naye alasiri nzima, na yale aliyoyafanya yalikuwa yale yale ya London kwa shabaha nyingine. Silinda ya Boxer ndogo ina kipenyo cha milimita 53 na mwendo wa pistoni wa milimita 45, jumla sentimita za ujazo 99 na ushei. Ikilika, fundi huipeleka kwa mkerezaji, ikapanuliwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Ikifika milimita 54, ujazo umekuwa 103. Kijana wa London angefanya hivyo kutafuta mwendo. Huku hufanywa ili injini iendelee kuishi. Halikadhalika magurudumu ya meno yavutayo mnyororo: tuseme la mbele lina meno 14 na la nyuma 42, basi la mbele huzunguka mara 3 kwa mzunguko mmoja wa nyuma. Punguza meno ya nyuma, utapata mbio barabarani na udhaifu mlimani. Ongeza yawe 45, utapoteza mbio, lakini utapanda na abiria wawili na gunia. Dereva wa Jinja ahitajivyo sivyo ahitajivyo dereva wa Mbale, ambaye kila siku mlima Elgon unamtazama.

Kisha pana jambo la hewa. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya bahari, na hapo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika nane. Kabureta iliyopimwa Mombasa, ikifika Jinja, hutoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na injini hukohoa moshi mweusi. Mzee hakuwa na kipimo chochote. Alifungua plagi na kuusoma uso wake: nyeupe, petroli haitoshi na pistoni itaungua, nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Mafundi wa London waliisoma plagi kwa namna hiyo hiyo.

Nilipokuwa nikiandika maneno yake, niliona aibu kidogo. Uganda iliamriwa mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 serikali ikaelekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Amri tatu, na bado vitabu vyetu vya darasani vinamfundisha kijana wa Masese kumwagiza mhudumu supu hotelini, lakini havimpi jina la kile anachokishika kila siku. Mzee alichanganya Kisoga, Kiganda, Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa hasa katika vitenzi: kukaza, kulegeza, kukereza, kusuguana, kushika moto, kuvuta pumzi. Injini inayokosa nguvu mlimani aliiita yenye pumu. Sijaliona neno hilo, kwa maana hiyo, katika kamusi yoyote niliyonayo.

Na yule kijana? Hakukata tamaa upesi. Alitaka angalau usukani ushushwe. Mzee akamwambia aguse ngoma ya breki ya mbele iliyokuwa imetoka safarini muda huo. Kijana akaigusa, akaurudisha mkono mara moja. “Hiyo,” mzee akasema, “ni kwa mwendo ulio nao sasa.” Wakakubaliana kwamba madigadi yabaki, kiti kibaki, na ekzosi tu ndiyo isafishwe. Kisha mzee akawasha injini, akaiacha ingurume kidogo, akaizima, akafungua plagi na kunionyesha.

“Ikiwa sawa, Mwalimu, huwa na rangi hii.”

“Rangi gani hiyo?” nikauliza, kalamu ikiwa tayari.

“Ya kahawa,” akasema.