Usumbufu wa sumaku katika vipimo vya protoni

Hali ambapo chuma, umeme au jua huvuruga kifaa kinachopima mwitikio wa viini vya atomu ndani ya uga wa sumaku. Katika maabara, kifaa cha tesla 9.4 husoma protoni kwa takribani megahezi 400. Lifti au gari linalopita karibu hubadili uga kidogo tu, lakini hilo latosha kupanua mistari ya spektra hadi isisomeke. Dawa ya kwanza ni umbali. Ngao ya metali na koili za kusawazisha hufuata.

Mkoani Kagera, zilimo Bukoba na Muleba, fizikia hiyohiyo hufaa uwandani. Miamba yenye nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, ina pirotaiti, madini yenye usumaku, na sumakumita ya protoni ni miongoni mwa zana za kutafutia miamba ya namna hiyo. Ndani yake, chupa ya mafuta ya taa huzungushiwa koili yenye mkondo wa umeme. Mkondo ukikatwa, protoni huyumba takribani mara 1,400 kwa sekunde, kwa kuwa uga wa dunia hapa ni karibu mikrotesla 33 tu. Udhaifu huo ndio unaodai uangalifu mkubwa. Paa la bati kando ya migomba huupindisha uga ndani ya chupa, na mawimbi hufifia kabla ya kuhesabiwa. Mpimaji huacha simu, kisu na mkanda wenye bizimu, huinua kihisi kwa fimbo ndefu, na huweka kifaa cha pili mahali pasipobadilika kurekodi mabadiliko ya uga ya siku nzima. Dhoruba ya jua ikianza, kazi husimamishwa.