Filamu Tuliyoionyesha Bila Ruhusa

Yapo makosa ambayo mtu huyatenda bila kujua, na yapo mengine ambayo huonywa mapema, kisha akayatenda vivyo hivyo. Hili ninalolisimulia ni la aina ya pili.

Mwaka 1988 nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Waafrika tulikuwa wachache, hatukuzidi thelathini, nasi tulikuwa na chama chetu ambacho mimi nilikuwa katibu wake. Wanafunzi wenzetu wa huko walituuliza maswali ambayo kila aliyesoma ng'ambo anayakumbuka: kama nyumbani tuna nyumba, kama simba hupita barabarani. Tukaona dawa yake ni kuwaonyesha sinema iliyotengenezwa na Mwafrika mwenyewe. Mmoja wetu alikwenda New York wakati wa likizo, akarudi na kaseti ya filamu ya mtu wa Afrika Magharibi. Aliinunua dukani kwa fedha zake, na risiti alikuwa nayo.

Tukaandika matangazo, tukaweka kiingilio cha dola moja, kisha nikaenda kuomba chumba cha maktaba chenye deki ya video. Mkutubi alikuwa mzee mpole. Alisoma tangazo letu mara mbili, akaniuliza, "Ruhusa ya kuionyesha mnayo?"

Nikamjibu kwamba kaseti ni yetu. Akanieleza kuwa tulichonunua ni kaseti tu. Kuionyesha mbele ya watu ni haki nyingine, nayo ina mwenyewe. Nikamwambia basi tutafuta kiingilio. Akatikisa kichwa. Bure au kwa fedha, alisema, ni mamoja.

Niliondoka pale nimekasirika. Niliona ni hila ya matajiri wa Hollywood ya kumzuia maskini asionyeshe hata kilicho chake. Tukahamishia shughuli yetu kwenye sebule ya bweni, siku ya Jumapili usiku. Wakaja watu sitini hivi, wengine wakaketi sakafuni. Walicheka palipochekesha, wakanyamaza palipohuzunisha, na baada ya hapo maswali ya simba yalipungua. Nililala nikijiona nimeshinda.

Hapa sina budi kueleza sheria ile ilikotoka, maana niliisoma baadaye, nikiwa tayari nimekwisha kuivunja.

Mambo mawili yaliamuliwa huko Marekani karibu wakati mmoja. Mwaka 1908 Mahakama ya juu kabisa ya nchi ile ilitamka kwamba mchapishaji akishauza kitabu, hawezi tena kumpangia mnunuzi bei ya kukiuza. Kitu kilichonunuliwa ni cha mnunuzi. Lakini mwaka 1911 mahakama ile ile ilikata kesi ya filamu ya Ben Hur, ambayo kampuni ya Kalem iliitengeneza kutokana na riwaya bila kuomba ruhusa. Ikasema kwamba kuwaonyesha watu hadithi kwa picha zinazotembea ni sawa na kuiigiza jukwaani, na haki ya kuigiza ni ya mwenye hadithi. Mwaka 1912 Bunge lao likaziingiza filamu ndani ya sheria ya hakimiliki kwa jina lake. Kwa hiyo tangu zamani njia zilikuwa mbili: kumiliki kitu, na kukionyesha.

Vyuoni watu hawakuiona tofauti hiyo kwa muda mrefu, na sababu yake ni ya kiufundi. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ilitoa filamu ya milimita 16, nyembamba na isiyoshika moto kwa urahisi kama ile ya majumba ya sinema. Projekta yake iliweza kuwekwa juu ya meza katika ukumbi wa mihadhara. Mwaka 1935 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York lilianzisha maktaba yake ya filamu chini ya Iris Barry, na likawa linavikodisha vyuo filamu za zamani. Mwaka 1937 ikaanzishwa St. Louis kampuni ya Swank, ambayo hata leo inajulikana kwa kuvipatia vyuo filamu. Mwaka 1940 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago wakaunda kikundi cha kutazama filamu ambacho bado kipo, kinaitwa Doc Films.

Utaratibu ulikuwa huu. Chama cha wanafunzi kiliandika barua kikitaja filamu, tarehe, ukumbi, idadi ya viti, na kama kuna kiingilio. Kampuni ikataja bei, ama kiasi kamili, ama sehemu ya mapato ya mlangoni. Kisha mikanda ikaja kwa posta au kwa basi, imefungwa katika makasha, ikaonyeshwa, na mara ikarudishwa ili iwahi chuo kingine. Kwa kawaida chuo hakikuwa na njia nyingine ya kuipata filamu. Ruhusa ilisafiri ndani ya kasha pamoja na mkanda wenyewe, na aliyelipa alidhani analipia mkanda.

Video ndiyo iliyovitenganisha viwili hivyo. Mashine za Betamax zilitoka mwaka 1975 na za VHS mwaka 1976, na baada ya miaka michache kila mtu aliweza kununua filamu dukani kama anunuavyo sabuni. Kaseti ikaja mkononi, ruhusa ikabaki ilikokuwa.

Sheria mpya ya Marekani ya mwaka 1976, iliyoanza kutumika Januari 1978, ililiweka jambo hili wazi. Kuonyesha hadharani ni kuonyesha mahali palipo wazi kwa watu wote, au popote walipokusanyika watu wengi kupita mzunguko wa kawaida wa familia na marafiki zake. Sebule ya bweni yenye watu sitini imo humo. Sheria ilimwachia mwalimu mlango mmoja: anaweza kuonyesha filamu darasani, ana kwa ana na wanafunzi wake, katika shule isiyotafuta faida, iwapo nakala ni halali na filamu ni sehemu ya somo. Chama cha wanafunzi kinachojiburudisha jioni hakipiti mlango huo. Na msamaha uliopo kwa wanaoimba au kusoma mashairi bila malipo haukuzigusa filamu. Mkutubi wangu alisema kweli tupu.

Mwaka 1984 wenye duka moja la video la mji wa Erie, Pennsylvania, walishindwa kesi hata baada ya kujenga vyumba vidogo vya watu wawili hadi wanne. Mahakama ya rufani ilisema kwamba duka liko wazi kwa kila mtu, na vyumba vidogo havibadili hilo.

Basi nirudi kwenye kosa langu. Mwaka 1989 idara moja ya chuo chetu ilimwalika mtengenezaji wa filamu ile ile aje kuzungumza. Tulimpikia pilau jikoni kwa bweni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mchangamfu, naye alitufurahia kama wanawe. Katikati ya chakula kijana mmoja wetu akasema kwa fahari, "Mzee, filamu yako tuliionyesha hapa hapa mwaka jana. Watu sitini!"

Akatabasamu. "Mliikodi kwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Nilitazama sahani yangu.

Hakutugombeza, na pengine ingekuwa afadhali angetugombeza. Alitueleza tu kwamba filamu yake haikupata jumba la sinema hata moja Marekani. Iliishi vyuoni. Chuo kikiikodi, msambazaji huchukua fungu lake, kinachobaki humfikia yeye, na kwa hicho alikuwa akiilipa polepole maabara ya Paris iliyoshikilia nakala yake ya asili kwa sababu ya deni. "Sitini ni wengi," alisema. "Kijijini kwetu hiyo ni arusi." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Msambazaji humwandikia majina ya vyuo vilivyoikodi, naye huyaweka. "Sikujua kama ninyi mmeiona. Ningejua, ningewaandikia."

Nilikuwa nimedhani ninawaibia matajiri wa Hollywood. Hao hata wasingehisi. Niliyempunja alikuwa mzee wetu anayekula pilau mbele yangu.

Usiku ule niliitoa kaseti. Chini ya ganda lake, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno kwamba ni kwa matumizi ya nyumbani tu, na anwani ya msambazaji. Vilikuwapo siku zote. Tukaandika barua ya kukiri. Wakatutajia dola 150. Tuliuza sambusa na chapati mbele ya maktaba kwa majuma sita, tukapeleka hundi, na baadaye tukaikodi tena kwa haki. Mkutubi mzee ndiye aliyetufungulia ukumbi. Alikaa safu ya nyuma, akaitazama hadi mwisho, wala hakunikumbusha neno lake.

Sisemi kwamba sheria hii haina ukali. Ziko filamu ambazo kampuni zake zimekufa na warithi hawajulikani. Huna wa kumwomba, na filamu inalala gizani. Bei nayo huvielemea vyama vidogo. Lakini kwa uzoefu wangu, mtengenezaji maskini akiandikiwa vizuri mara nyingi hupunguza, au husema onyesheni tu, mniambie walikuja wangapi.

Nyumbani Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inamlinda mwenye filamu katika kuonyeshwa kwake hadharani. Siku hizi vijana wa vyuo hawahitaji hata kaseti. Filamu huipata kwenye intaneti na kuimulika ukutani. Wakinijia kuniomba ushauri, huwauliza swali la yule mkutubi. Wengine hunijibu kama nilivyojibu mimi, kwamba ni yao, wameilipia. Huwa siwagombezi. Huwaomba watafute anwani ya mwenyewe, wamwandikie kwanza, na jioni ikipita wamwandikie tena kumweleza watu walicheka wapi.