Filamu ya Kamera: Ng'ombe, Haradali na Bomu

Juma lililopita nilikesha mbele ya tarakilishi nikisaka hitilafu ambayo mwishowe haikuwa kwenye msimbo wangu. Ilikuwa ndani ya programu ya mtu mwingine niliyoipakua na kuitegemea bila kuikagua. Nikakumbuka kisa cha filamu za kamera, zile za picha 36 halafu basi.

Wengi hudhani filamu ni plastiki tu. La hasha! Katika kiwanda cha Kodak mjini Rochester, New York, walianza na utepe mwangavu wa selulosi. Kisha nitrati ya fedha ilichanganywa na chumvi kama potasiamu bromidi ndani ya jelatini ya moto, zikatokea chembe ndogo mno zinazohisi mwanga. Mchanganyiko huo ulipakwa juu ya utepe kwa tabaka nyembamba sana, ukakaushwa na kukatwa, sehemu kubwa ya kazi ikifanywa gizani. Jelatini yenyewe ilitokana na mifupa na ngozi za ng'ombe.

Ng'ombe hao ndio waliowasumbua wataalamu. Mwaka 1882, kabla hata ya filamu, vioo vya kupigia picha vya George Eastman vilianza kuharibika. Chanzo kikaonekana kuwa jelatini aliyouziwa. Lakini kwa nini jelatini moja ifae na nyingine isifae? Jibu lilikuja 1925. Samuel Sheppard, mtafiti wa Kodak, alionyesha kwamba jelatini nzuri ina kiasi kidogo sana cha salfa, kutoka kwenye mimea kama haradali waliyokula ng'ombe. Ng'ombe akikosa haradali, filamu inakuwa butu!

Sasa twende 1945. Filamu za eksirei za Kodak zilianza kutokea na madoa. Mwanafizikia wao, Julian Webb, alifuata nyayo hadi kwenye kadibodi ya mabua iliyotumika kufungia filamu, iliyotengenezwa Vincennes, Indiana. Ndani yake alikuta seriamu-141, mabaki ya kupasuliwa kwa atomu. Bomu la kwanza lilikuwa limejaribiwa New Mexico tarehe 16 Julai 1945. Upepo ulibeba vumbi lake zaidi ya kilomita 1,500, likaingia katika maji ya mto, na kiwanda cha kadibodi kikayatumia maji hayo. Webb alichapisha matokeo yake mwaka 1949.

Mwezi Januari 1951 majaribio yakaanza Nevada, na muda si mrefu theluji yenye mionzi ikaanguka Rochester. Kodak walilalamika, wakatishia hata kwenda mahakamani. Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ikakubali kuwaarifu watengenezaji wa filamu mapema kuhusu majaribio na kule vumbi litakakoelekea.

Na wananchi je? Vumbi lile lile liliangukia malisho. Ng'ombe walikula nyasi, iodini-131 ikaingia kwenye maziwa, watoto wakayanywa, nayo ikajikusanya kwenye tezi ya shingoni. Wazazi wao hawakuarifiwa. Mwaka 1997 ndipo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipotoa matokeo ya uchunguzi wake kuhusu iodini hiyo, na katika Seneti suala hili likazungumzwa waziwazi: filamu zililindwa, watoto hawakulindwa.

Siwalaumu Kodak kwa kulinda bidhaa yao. Filamu huonyesha doa siku inaposafishwa, mteja anarudi dukani kulalamika. Saratani ya tezi huchukua miaka, na mgonjwa hajui pa kupeleka malalamiko. Sisi tunaoandika programu tuna tabia hiyo hiyo: tunarekebisha haraka hitilafu ya mteja mkubwa mwenye wakili, na ya yule asiyejua hata kwamba data yake imevuja tunaiacha isubiri.

Wewe unaonaje, msomaji? Maoni yako yanakaribishwa. Tukutane tena wiki ijayo.